Dai Si Deni

Lugha yetu ina maneno mawili yanayofanana kwa sura, lakini hayana udugu wowote: dai na deni. Deni tumelipokea kwa Waarabu kutoka neno lao dayn, na maana yake ni kitu kilichokwisha kuthubutu juu ya shingo ya mtu; aliyekopa anakijua, na aliyekopesha anakijua. Dai nalo limetoka katika shina jingine, lile la da'wa, nalo ni maneno ya upande mmoja tu. Mtu anakwambia, "Nakudai." Huenda ni mkweli, huenda amekosea, na huenda ni mwongo, hajulikani mpaka alete ushahidi. Kwa hivyo kila deni laweza kudaiwa, walakini si kila dai ni deni.

Nimeanza na somo hili dogo la lugha, wasomaji wangu, kwa sababu ya ankara za stima. Sisemi ile ankara ya kila mwezi, ambayo kila mwenye nyumba ameizoea kama alivyozoea kodi ya nyumba na bei ya unga. Nasema ile ya nyuma. Mtu amekaa nyumbani kwake miaka na miaka, kila mwezi analetewa hesabu, kila mwezi analipa, na stakabadhi anazo ndani ya mkebe. Siku moja, pasi na taarifa, anapokea karatasi inayomwambia kwamba yote aliyolipa miezi ile yalikuwa pungufu, na kwamba sasa atoe kwa mkupuo mmoja kiasi ambacho hakipati hata kwa mwaka. Na chini yake pana tarehe ya kukatiwa. Nimeyaona makaratasi hayo Kibokoni, nimeyaona Kuze, nimeonyeshwa mengine na watu wa Majengo. Na nililoliona zaidi ya makaratasi ni namna watu wetu wanavyoyapokea: wengi hawaulizi, wanalipa. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hatuwezi kusema kwamba stima ni mgeni kwetu tusiyejua adabu zake. Historia ya stima katika nchi hii husimuliwa kuanzia pwani hii hii. Mtambo wa kwanza ulikuwa wa Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, naye aliuleta ili kulitia nuru jumba lake. Mwaka 1908 mtambo ule ukanunuliwa na tajiri mmoja wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kutokana nao ikazaliwa kampuni ya kuuzia mji wetu mwanga. Kwa hivyo mji huu umeijua biashara hii kwa zaidi ya miaka 100, na kwa muda wote huo umejua kwamba mwanga hulipiwa. Hakuna anayebisha hapo. Tunalobishania ni hesabu.

Kwa nini basi mtu wa pwani anayepokea hesabu asiyoielewa hulipa bila ya kuuliza? Wengine watasema ni woga wa giza, au haya za kuonekana na majirani fundi amepanda ngazi mlangoni. Hayo yamo. Lakini iko sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni nzuri kwa asili yake. Sisi tumelelewa kuliogopa deni. Tangu utotoni chuoni tulisimuliwa habari ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akauliza kama maiti yule ana deni. Alipoambiwa analo, aliwaambia masahaba wamswalie wao mwenzao, wala yeye hakumswalia mpaka Abu Qatada alipojitokeza akalichukua deni lile juu yake. Habari hiyo imekaa ndani ya mifupa yetu. Ndiyo sababu hata leo, maiti akiwa bado hajatiwa kaburini, mtu wa nyumba yake husimama akatangaza: mwenye kumdai marehemu na aje kwetu.

Kuna bi mkubwa mmoja mtaani petu, mjane, umri wake umepita miaka 70. Aliletewa ankara ya nyuma ya shilingi 43,000. Mama huyu hana pasi ya stima wala mtambo wa kufulia. Ana taa tatu, feni moja na jokofu dogo analouzia barafu na maji ya ukwaju. Hakumwambia mtu. Alikwenda kwa sonara na pete yake na vikuku viwili alivyotunzwa siku ya harusi yake, akaviuza, akalipa. Nilipopata habari nilikwenda kumwamkia, nikamuuliza, "Mamangu, mbona hukutwambia sisi wanao?" Akanijibu, "Mwanangu, mimi ni mtu wa kuitwa leo au kesho. Sitaki kuingia kaburini na deni la stima."

Sikuwa na la kumjibu pale pale, kwani maneno yake yalikuwa ya mtu anayemcha Mola wake. Lakini nilipotoka nilijiuliza: ni nani aliyemwambia kuwa lile lilikuwa deni? Karatasi. Na karatasi ile iliandikwa na nani? Na mdai. Na shahidi wake nani? Hana. Hofu njema ya mama yule, hofu aliyoipata kwa waliomlea ili imweke katika uadilifu, imefanywa ufunguo wa kumfungulia kabati lake la dhahabu. Sidhani kwamba yupo aliyekusudia hivyo. Walakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi na turudi katika hiyo dini yenyewe inayotutia hofu ya deni, tuone imesema nini juu ya kulithibitisha. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani haikuja kwa habari ya swala wala ya hija. Imekuja kwa habari ya deni. Ni ile ya 282 katika Suratul Baqara, na wanavyuoni wameipa jina lake maalumu, Aya ya Deni. Ndani yake mna amri ya kuandika, mna amri ya muhula unaojulikana, mna mwandishi mwadilifu, mna mashahidi, na mna onyo kwamba watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au liwe kubwa. Na mna jambo moja ambalo wengi hulipita bila ya kulitazama vizuri: mwenye kumsomea mwandishi ili aandike ni yule anayedaiwa, si yule anayedai. Yaani deni huandikwa kwa ulimi wa mwenye kulibeba, ili lisije likazidishwa na mwenye kulitaka.

Pimeni hayo na mita ya stima. Mita ni ya muuzaji. Imefungwa kwa lakiri ya muuzaji, na mnunuzi haruhusiwi kuigusa. Msomaji wake ni mtu wa muuzaji, na aghalabu huja mchana wakati watu wako kazini. Mwandishi ni mtambo wa muuzaji, na lugha inayoandikiwa ni Kiingereza cha vifupisho. Mnunuzi hakusoma, hakuandika, hakushuhudia. Si dhambi kwa biashara kuendeshwa hivyo, kwani haiwezekani kila mwezi kuitisha mashahidi wawili katika kila nyumba. Lakini yule aliyejichukulia mwenyewe kazi zote, ya kupima, ya kusoma na ya kuandika, amejichukulia pia jukumu la kuzifanya sawasawa na kwa wakati wake. Akizembea miezi 30, hawezi mwezi wa 31 kuuleta mzigo wote wa uzembe wake mlangoni kwa mtu mwingine na kumpa siku 7.

Wazee wetu walikuwa na daftari la duka. Mwanamke akimtuma mtoto kuchukua kibaba cha sukari na nusu chupa ya mafuta, mwenye duka aliandika, na mtoto akarudi na karatasi yake nyumbani. Mwisho wa mwezi madaftari mawili yalikutana. Yakitofautiana, palikuwa na maneno, tena maneno makali, lakini kila mmoja alikuwa na chake cha kuonyesha. Sijapata kusikia mwenye duka aliyerudi baada ya miaka miwili akasema, "Sukari ile niliipima vibaya, nilipe tofauti." Na lau angalirudi, mtaa mzima ungalimuuliza: na wewe ulikuwa wapi?

Sisi washairi tuna neno tunalolipenda, mizani. Ubeti ukizidi silabi moja au ukipungua moja, msomaji mwenye sikio huukataa pale pale. Neno hilo hilo ndilo la sokoni, na limetajwa mara tatu katika aya tatu zinazofuatana za Suratur Rahman. Na ipo sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyoanza kwa ole juu ya wale wanaotimiziwa vipimo vyao wanapopokea nao huvipunja wanapowapimia wenzao. Kipimo ni amana. Na amana ya kipimo ina pande mbili, si kutopunja tu, bali na kutozidisha.

Mimi mwenyewe nimepatwa na mambo haya, na nitayasema kwa ufupi, si kwa kujililia, bali kwa sababu yana mafunzo. Ankara yangu ya kawaida ilikuwa shilingi elfu mbili na kitu kwa mwezi. Nikaletewa karatasi ya shilingi 61,300, ikisemekana ni tofauti ya miezi 31. Nilikwenda ofisini. Binti aliyekuwa dirishani, mwenye adabu zake, aliniambia, "Mzee, kompyuta ndiyo inayosema." Nikamwambia, "Mwanangu, kompyuta husema iliyoambiwa. Nami nataka kumjua aliyeiambia na siku aliyoiambia." Akacheka, nami nikacheka, lakini nikaomba karatasi nikaandika barua pale pale. Niliuliza mambo matatu: namba ya mita ilikuwa ngapi kila mwezi katika miezi ile 31, miezi mingapi mita ilisomwa na mtu na mingapi ilikisiwa, na bei gani imetumika kwa kila mwezi. Niliacha barua moja, na nakala yake nikaitaka ipigwe muhuri na tarehe.

Ilichukua wiki 7, na safari 4, kupata orodha. Ilipokuja, ilijieleza yenyewe. Katika miezi ile 31, miezi 19 ilikuwa ya kukisia. Na kati yake mita yangu ilikuwa imebadilishwa, na miezi 8 iliyokwisha kulipiwa kwa mita ya zamani ilikuwa imehesabiwa tena kana kwamba ni ya mita mpya. Nilikuwa nayo karatasi aliyoiacha fundi siku ya kubadilisha, yenye sahihi yake na namba za mita zote mbili, na nilikuwa na stakabadhi. Hesabu ikafanywa upya. Ilitoka shilingi 14,200. Hiyo ndiyo niliyokuwa nimeitumia kweli bila ya kulipia, kwani makisio yao ya mwanzo yalikuwa madogo. Nikaomba nilipe kwa mafungu manne, shilingi 3,550 kila fungu, nikakubaliwa, nikalipa.

Tazameni basi. Dai lilikuwa 61,300. Deni lilikuwa 14,200. Kati ya neno moja na jingine palikuwa na shilingi 47,100, na hakuna kilichozitenga isipokuwa swali. Wala sikufanyiwa hisani, wala sikumjua mkubwa yeyote, wala sikumpa mtu kitu mkononi. Nalisema hili la mwisho makusudi, maana najua ziko sauti vibarazani zinazosema, "Mwone fulani, mpe chai, atakufutia." Huyo anayefuta kwa chai ndiye atakayeandika kwa kukosa chai. Rushwa haiondoi dhuluma, huihamisha tu ikaingia nyumba ya pili.

Na juu ya bei nataka niseme zaidi, maana hapo pana jambo ambalo watu hawalioni. Bei za stima zilizoanza Aprili 2023 ziliwagawa watu wa majumbani mafungu matatu: wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi, wanaotumia zaidi ya hizo mpaka 100, na wanaopita 100, na kila fungu lina bei yake, la juu likiwa ghali zaidi. Sasa chukua nyumba iliyokuwa ikiandikiwa uniti 60 kila mwezi, na kweli yake ilikuwa 80. Kwa miezi 20 zimekosekana uniti 400. Kila mwezi ukipewa 20 zake, nyumba hiyo haitoki katika fungu la kati hata mara moja. Lakini uniti zote 400 zikitupwa katika mwezi mmoja, nyumba ya maskini hugeuka kwenye hesabu ikawa kama nyumba ya tajiri mwenye mitambo ya ubaridi kila chumba. Uniti ni zile zile, bei si ile ile. Tena malipo ya mafuta ya kuendeshea mitambo hubadilika mwezi hata mwezi, na juu ya ankara kuna kodi ya VAT ya asilimia 16. Kwa hivyo mwenye kuletewa ankara ya nyuma na aulize: uniti hizi mmezigawa katika miezi yake, au mmezirundika pamoja?

Mita yenyewe nayo yaweza kujaribiwa na mtu yeyote, bila ya kuifungua wala kuigusa. Zima kila kitu nyumbani, chomoa hata jokofu, kisha itazame. Kisahani kikiendelea kuzunguka, au ile taa nyekundu ya mita za tokeni ikiendelea kupepesa kama kawaida, basi ama mita ina ila, ama kuna mtu anayekula stima yako kwa waya usioujua. Jaribio la pili: kitu chenye nguvu ya wati 1,000, kama birika au pasi nyingine, kikinywa moto wake mfululizo kwa saa nzima hutumia uniti moja, na taa ya wati 100 hutumia uniti moja kwa saa 10. Andika namba kabla, andika namba baada. Mita ikikwambia uniti mbili pahala pa moja, umepata la kuandika katika barua yako, na una haki ya kutaka ipimwe.

Nimesema haki, na sikulitia neno hilo kwa kupamba. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupewa habari zinazomwezesha kufaidika nazo, haki ya kulindwa katika maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa ila ya huduma. Kifungu cha 47 kinataka maamuzi ya kiutawala yawe ya haraka, ya halali na ya haki, na aliyedhurika apewe sababu kwa maandishi. Na kifungu cha 7 kimefanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kwa hivyo andika barua yako kwa Kiswahili, wala usione haya. Muuzaji asipokujibu au akikujibu ovyo, Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, ambayo hupokea malalamiko ya watu, na juu yake imeweka baraza maalumu la kuamua kesi za kawi. Wala mambo haya si ya mtaa mmoja. Mapema mwaka 2018 kesi juu ya ankara za kurudishwa nyuma ilifikishwa Mahakama Kuu kwa niaba ya watumiaji wa nchi nzima, na kiasi kilichotajwa kilipita shilingi bilioni 10.

Sasa na niwape nafasi wanaonipinga, maana hoja ya upande mmoja nayo ni dai.

Watasema kwanza: mtu ameitumia stima, na mali ya watu iliyoliwa hulipwa hata kama mlaji hakujua. Maneno haya ni ya kweli, na ni ya kisheria, na mimi siyakani. Ndiyo sababu nililipa zile 14,200. Lakini kulipa ulichokula si kulipa ulichokisiwa kula. Mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Hiyo ni kanuni ambayo kila kadhi huanza nayo. Na ikithibiti kwamba mtu anadaiwa naye yumo katika dhiki, Kurani hiyo hiyo, aya mbili kabla ya ile ya deni, inataka apewe muhula mpaka apate wasaa.

Watasema pili: wako watu wanaoiba stima, wanaopitisha waya nyuma ya mita, na ukiwafundisha watu kubisha umewapa wezi ngao. Wezi wako, sitawafunika. Kuna nyumba zinazotandika miswala na kuwasha mwanga wa wizi juu yake, na wenyewe wanajijua. Anayeiba stima anamwibia jirani yake, na siku waya ule ukishika moto hauchagui mlango. Mtu huyo hana haki ya kusimama nyuma ya makala hii. Lakini mwizi hukamatwa kwa wizi wake na akathibitishiwa. Hatuwezi kumtoza mjane kwa sababu kijana wa nyumba ya pili ni mwizi.

Watasema tatu: sheria inampa mdai wa mkataba miaka 6 kufungua kesi, basi vipi mnalalamikia miaka miwili? Ni kweli, muda wa sheria ndio huo. Lakini muda wa kushitaki ni jambo moja, na uungwana wa biashara ni jambo jingine. Uingereza, ambako wako ndugu zetu wengi waliotoka miji hii, tangu Mei 2018 msimamizi wa kawi ameweka kanuni kwamba muuzaji asiyemwandikia mtu wa nyumbani hesabu yake sawasawa hawezi kumdai kwa stima au gesi aliyoitumia zaidi ya miezi 12 nyuma, ila pale mteja mwenyewe alipofanya hila au kuzuia mita isisomwe. Kanuni hiyo haikuwafilisi. Imewafundisha kusoma mita. Nasi tunastahili muhula kama huo, tena uchapishwe nyuma ya kila ankara kwa Kiswahili kinachosomeka, ili bi mkubwa wa Kibokoni aujue kama aujuavyo wakili wa Nairobi.

Hayo ni ya wauzaji na ya watunga sheria. Sisi wenyewe nasi tuna yetu. Kila nyumba na iwe na daftari. Kila tarehe mosi, kijana mmoja asome namba za mita aziandike. Ni kazi ya dakika moja, na simu za siku hizi zinapiga picha yenye tarehe. Stakabadhi zisitupwe, na karatasi ya fundi aliyebadilisha mita itunzwe kama hati ya nyumba. Ankara ya nyuma ikija, usilipe siku ile na usiitupe. Endelea kulipa ile ya mwezi, ili usionekane mkaidi, na ile ya nyuma iandikie barua. Wenye mita za tokeni nao watazame vizuri, kwani huko deni huweza kukatwa kidogo kidogo kila unaponunua, na mtu akadhani tu kwamba stima imepanda bei.

Na maimamu wetu, ambao hutukumbusha ubaya wa kufa na deni, nawaomba kwa heshima watukumbushe na nusu ya pili ya somo hilo: kwamba deni huandikwa, hushuhudiwa, huthibitishwa. Tukihubiriwa hofu pasi na hesabu, tutakuwa watu rahisi kutozwa.

Bi mkubwa wetu tumemwandikia barua, mimi na vijana wawili wa mtaa, naye akaitia kidole chake. Anauliza maswali yale yale matatu. Dhahabu yake imekwisha kwenda, lakini kulipa hakumwondolei mtu haki ya kuuliza, na kilichozidi kikithibiti hurudishwa. Nami, kwa vile kalamu yangu imezoea kutua katika beti, nimemtungia hizi mbili:

Dai halijawa deni, mwenye kudai ajue,
Na alete hadharani, hesabu tuitambue,
Nikilipima mizani, likiwa langu nitue,
Dai lisilo yakini, mdai alichukue.

Mama usiuze pete, kwa karatasi ya mtu,
Mwambie kwanza alete, hesabu mbele ya watu,
Aitaje siku zote, asifiche hata kitu,
Kisha haki tuifwate, iwe yake au yetu.

Mstari huo wa mwisho ndio ninaotaka usahaulike wa mwisho. Haki huenda ikawa ya muuzaji, na ikiwa yake tutailipa mpaka senti, kwa mafungu tukishindwa kwa mkupuo. Tunachokataa ni kulipa kabla ya kuonyeshwa.